Tafadhali ya Kipaza

Kama hujawahi kumsikia mtu akimtukana mwenzake kwa adabu, basi hujawahi kufanya kazi chini ya Kipaza. Mimi nimefanya. Nakaa langoni na mafunguo yangu, namfungulia anayeingia, namfungia anayetoka, na masikio yangu yamekula chumvi. Gereza letu liko shambani, mbali na lami, wala hakuna kelele ya kusaidia kufunika mambo. Kunguru akikohoa unamsikia. Sasa Kipaza je?

Kwa cheo alikuwa Inspekta, msaidizi wa Mkuu wa gereza. Kipaza tulimwita sisi, na hata wafungwa walimwita hivyo, kwa siri. Alikuwa mfupi, kifua mbele, suruali amejipigia pasi mwenyewe kwa sababu ati hakuna mwingine duniani anayejua kukunja mstari ukanyooka. Alipenda kusimulia jinsi alivyoanza chini kabisa, askari wa kufukuza nyani kwenye mahindi ya serikali, akapanda kwa jasho lake. Jasho! Huyo alipanda kwa mgongo, kwa kuinama. Simu ya wakubwa ilipolia ofisini kwake alisimama kwanza, akafunga kifungo cha shingo, ndipo akapokea, na sauti ikatoka nyembamba kama ya bibi harusi: "Ndiyo afande. Vizuri sana afande. Hakuna shida kabisa afande." Akishaweka simu chini, anafungua dirisha, anaanza kututukana sisi.

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Nyumba za askari zimeshikana, ukuta mmoja watu wawili, hata mtu akipiga chafya upande huu, jirani anamwombea afya upande ule. Mkewe, mama wa watu, mpole, mfugaji wa kuku, alikuwa anaitwa kwa mluzi. Nakwambia mluzi! Kuku walikuwa wanafika kabla yake. Nilimdharau mtu yule tangu wiki aliyoripoti na sijapata sababu ya kuacha.

Utauliza, Mkuu mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwepo. Tulimwita Kesho, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Afande, paa la stoo linavuja. Kesho. Afande, Inspekta amemwita koplo mbwa mbele ya watu. Loo, kesho tutaliangalia. Mzee wa watu alikuwa amechoka, akili yake iko kwenye mizinga ya nyuki aliyoiweka kijijini kwao, na gereza lote akamwachia Kipaza kama mtu anayeacha mlango wazi akaenda zake.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Pacha. Huyu ni askari wa upande wa wanawake, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na kwangu ni mdogo wangu kabisa ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Mumewe ni dereva wa malori, leo yuko mpaka huu, kesho mpaka ule, na pesa yake huja ikijisikia kuja. Pacha walikuwa bado wananyonya. Mama yake mzazi alikuja kumlelea wajukuu akabaki. Wote hao mdomo wao ulikuwa kwenye ile sare moja.

Asubuhi moja alifika kwenye gwaride akihema, amechelewa kidogo, na sare imelowa maziwa kifuani. Yeyote aliyewahi kunyonyesha anajua, mtoto akilia tu maziwa yanajibu, na alikuwa ameacha wawili wanalia. Kipaza akamwita mbele. Askari tumesimama mistari, wafungwa wamechuchumaa wanasubiri kuhesabiwa, uwanja mzima kimya. Akamzunguka polepole, halafu akatangaza kwa ile sauti yake, "Haya tazameni! Ng'ombe wa serikali amekuja kazini bila kukamuliwa!"

Wafungwa wakacheka. Na baadhi ya wenzetu pia, mijitu mizima yenye wake zao, wakacheka kwa woga wasije wakaulizwa mbona hawacheki.

Watu wa nje hawaelewi jambo hili, wanadhani ni maneno tu. Askari akishachekwa na wafungwa, kazi imekwisha. Anabaki na ufunguo mkononi, basi. Siku iliyofuata Mama Pacha alimwambia mwanamke mmoja mfungwa achukue ufagio, yule mwanamke akamtazama juu hadi chini, akajibu, "Mooo." Seli nzima ikaangua kicheko. Ikawa ndiyo salamu yake. Siku wafungwa wakiamua kumvamia mtu wa namna hiyo, nani atamwogopa? Nani atasita?

Jioni nilimkuta anafua nepi, anazikamua kama anamnyonga mtu.

"Dada," akaniambia, "huyu mwanamume akiwa bado yuko hapa mwaka ukiisha, mimi navua sare. Naapa. Bora nikauze mkaa barabarani."

"Na mama atakula nini? Na watoto?"

"Watakula mkaa."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilijua hatanii. Na nilijua vilevile kwamba akivua ile sare, nyumba ile haina pa kwenda, maana nyumba ni ya kazi na kazi ikiisha inarudishwa na funguo zake.

Basi mambo yakiwa hivyo, makao makuu nao wakazinduka. Kisa chenyewe ni aibu: katika gereza jingine la shamba kama letu, askari wawili walizipiga kwa sababu ya neno, wakagaragazana chini mpaka wakaja kuamuliwa na wafungwa. Wafungwa! Wakawatenganisha, wakawapangusa vumbi, wakawashauri. Wakubwa walipopata habari wakaamua kwamba magereza yote ya mashambani yafundishwe staha kazini, na kila kituo kichague Mlezi wa Staha. Kesho akauliza gwarideni nani anaiweza kazi hiyo. Kipaza akasema, "Mimi afande." Kesho akasema sawa, maana kusema hapana kulihitaji nguvu.

Hebu fikiria. Fisi amepewa zizi alinde, halafu anadai na posho ya usiku.

Semina ilifanyika bwaloni. Kipaza alisimama mbele na chaki, jasho linamtoka, anafundisha staha kwa kelele mpaka vioo vinatetemeka. Koplo wa stoo akapiga miayo. "Wewe!" Kipaza akaruka. "Unapiga miayo, hapa ni msibani kwa baba yako? Mjinga mkubwa! Haya andika: ni marufuku kumwita mwenzako mjinga." Koplo akaandika. Sote tukaandika. Nilikuwa nauma kalamu nisije nikapasuka kwa kicheko, na pembeni yangu Mama Pacha alikuwa anatazama ukutani tu.

Sasa, katika yale maagizo ya makao makuu kulikuwa na moja lililosema kwamba amri yoyote, kwa askari au kwa mfungwa, iambatane na neno tafadhali. Kipaza alilipenda hilo kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Hakupunguza tusi hata moja. Alilibandika tu neno mwishoni, akalivuta, huku anagonga kirungu chake kwenye buti. "Ondoa huo mzoga wako mlangoni, tafadhaliii." "Funga hilo domo, tafadhaliii." Kwa wafungwa ilikuwa mbaya zaidi, maana kwao likifika neno, kirungu kiko njiani. "Chuchumaa, tafadhaliii!" Baada ya muda hakuna aliyengoja kusikia chuchumaa. Neno likitamkwa tu, mfungwa yuko chini, mikono kichwani.

Na sisi tukaambukizwa, msituone hivi. Mke wa koplo wa stoo, mwanamke mwenye malezi yake, siku moja mezani alimwambia mumewe, "Nipe hiyo chumvi, tafadhali." Koplo akaacha kula. Akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Mke wangu, nimekukosea nini?" Mwanamke akaja kwangu analia, anadhani mumewe amerogwa. Nikamwambia hajarogwa, dada yangu, amesemeshwa kistaarabu.

Ndipo dereva wetu akarudi kutoka makao makuu na habari. Kuna Afande mmoja mkubwa anazunguka vituoni kukagua hiyo staha. Mlezi atakayeng'ara, akasema dereva, atachukuliwa makao makuu awe mwalimu wa magereza yote. Ananyakuliwa hivihivi, na mizigo yake, na kuku wake.

Tulikaa nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni, wachache tunaoaminiana. Koplo wa stoo alitaka tumwage mboga zote, tumweleze Afande ukweli. Nikamwambia, baba, ukweli tulishaujaribu. Tuliambiwa tutumbukize malalamiko kwenye sanduku, ufunguo wa sanduku anao nani? Kipaza. Lalamiko la kwanza alilisoma gwarideni kwa sauti, akauliza huu mwandiko wa kuku ni wa nani. Ukimshtaki na asiondoke, atatula nyama.

"Sasa tufanyeje?" akauliza.

"Tumsifu," nikasema. "Tumvike kilemba cha ukoka kikubwa mpaka shingo imuume. Wakimpenda wamchukue. Wakae naye huko."

Wakacheka, wakakubali. Mama Pacha peke yake alikataa katakata. "Nimsifu yule? Ulimi wangu utaoza."

"Mwenzangu, unasema uongo siku moja, unapumua maisha yako yote."

"Na kama sitaki?"

"Basi nenda kaanze kutafuta magunia ya mkaa."

Akawa anachokonoa gome la kuni kwa kucha. Mwisho akasema haya, kwa shingo upande.

Siku ya Afande ilipofika, laiti ungetuona. Watu wasiosalimiana tangu masika walikuwa wanaulizana habari za watoto. Mpishi alimfungulia koplo mlango, koplo akasema wewe tangulia, mpishi akasema hapana ndugu yangu tangulia wewe, wakabaki pale wanazuia njia. Kipaza alikuwa amenyoa, amejipaka mafuta, anapita kati yetu anatunong'oneza, "Atakayeniharibia, nitamchuna ngozi. Tafadhali."

Afande mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mvi kidogo, sauti ya chini. Alipofika langoni kwangu alinisalimu, akaniuliza nimekaa kwenye kiti kile kwa muda gani na kama mgongo hauniumi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza habari za mgongo wangu. Nikajibu hauniumi afande, nao ulikuwa unaniuma palepale. Huyu, nikajisemea, ukimwambia ukweli atausikia. Nikaliondoa wazo hilo haraka.

Alizunguka, akauliza, tukasifu. Kila mtu alipiga wimbo uleule. Kipaza anamfuata nyuma, ile sauti yake ya simuni, "Ndiyo afande, ni kujitahidi tu afande." Kesho naye anapepesa macho, anakubali kila kitu. Mambo yalikwenda murua mpaka tukafika bwaloni kwa chai.

Chai ililetwa na mama mmoja mtu mzima, mfungwa wa upande wa wanawake, na nyuma yake Mama Pacha akimsindikiza kama kazi yake ilivyo. Yule mama alibeba sinia la vikombe, anakanyaga taratibu asimwage. Afande akasogeza karatasi zake mezani, akamtabasamia, akasema kwa upole kabisa, "Weka tu hapa, mama, tafadhali."

Mama wa watu akaporomoka. Magoti chini, kichwa chini, mikono juu, na sinia likaenda zake. Vikombe vikapasuka, chai ikasambaa mpaka kwenye viatu vya Afande. Mlangoni koplo wa stoo, kusikia neno lile tu, alikuwa amesimama wima kama mlingoti, macho ameyafumba, anasubiri.

Kipaza alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Afande akainuka, akaizunguka meza, akamshika yule mama mkono amwinue, na yule mama hainuki, anatetemeka.

"Kuna nini hapa?" Afande akauliza. Hakupandisha sauti. Akatutazama mmoja mmoja, halafu akamkazia macho Mama Pacha. "Wewe binti yangu. Niambie usiogope. Neno hili hapa linafanya kazi gani? Na bwana huyu anazungumza nanyi vipi?"

Mama Pacha akanitazama mimi. Niliuona ukweli umefika kwenye meno yake kabisa. Nikamtolea macho: sema tulivyokubaliana. Akawatazama wale wengine, wote wanamtolea macho hivyohivyo. Akameza mate.

"Ni heshima, afande," akasema. "Huku kwetu shamba neno hilo ni zito. Inspekta ametufundisha kwamba ukiambiwa tafadhali, unajishusha."

"Unajishusha?"

"Mpaka chini, afande."

"Na wewe mwenyewe? Anakuchukuliaje?"

Mama Pacha akasema bila kupepesa, "Mimi nina pacha wananyonya, afande. Siku moja nimekuja kazini sare imelowa maziwa. Wengine wote walijifanya hawaoni. Inspekta peke yake ndiye aliyeona. Akaniita mbele, akalisema waziwazi, askari na wafungwa wote wasikie, kwamba mimi ni mtu wa kunyonyesha."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote, afande. Tangu siku hiyo hakuna asiyejua. Hata wafungwa wananikumbusha."

Koplo mlangoni akakohoa. Mimi nilikuwa natazama vigae vya vikombe. Afande akashusha pumzi, uso ukamlegea, akasema amezunguka vituo vingi na hajawahi kuona kiongozi wa kiume anayetetea kunyonyesha gwarideni. Na Kipaza, unajua alifanya nini? Alilia. Alitoa leso, akajifuta, kamasi zikamtoka. Nilimwangalia vizuri, nikadhani anaigiza. Hakuwa anaigiza. Mpumbavu yule alikuwa ameamini. Alikuwepo siku ile, alilisema yeye tusi lile kwa kinywa chake, na bado akaamini.

Tukangoja barua ya uhamisho kama watu wanaongoja mvua. Mkewe alianza kuuza kuku. Koplo wa stoo akajitolea kupakia mizigo.

Barua ilikuja, ikasomwa gwarideni. Makao makuu wamependezwa mno. Kituo chetu kimekuwa kituo cha mfano, na Walezi wa Staha wa vituo vingine watakuja kujifunza kwetu. Mbegu njema, wakaandika, haing'olewi pale inapostawi. Kwa hiyo atakayehamia makao makuu ni Mkuu, kwa uongozi wake wenye busara, na Inspekta amepandishwa cheo kuanzia siku hiyo, ndiye Mkuu wa gereza. Kesho alishtuka usingizini akauliza nani anahamishwa. Sisi tulipiga makofi. Tungefanyaje? Makaa tulijipalia wenyewe, tukayapuliza, na makofi tukapiga.

Mama Pacha hakupiga. Alisimama mikono mfukoni mpaka gwaride likavunjwa, halafu akaniambia anakwenda kwa Mkuu mpya kuaga. Anavua leo. Nilijaribu kumshika mkono, akauchomoa. Akaingia ofisini, mlango ukafungwa, nikabaki langoni kwangu nasikiliza. Safari hii masikio yangu hayakuambulia chochote.

Alipotoka alikuja akakaa kwenye benchi langu. Sare bado iko mwilini.

"Umemwambia?"

"Hakunipa nafasi. Nimeingia tu, amesimama, amenivutia kiti. Akalia tena, dada. Anasema tangu aanze kazi, tangu azaliwe, hakuna mtu aliyewahi kumsemea neno jema mbele ya watu. Mimi ndiye wa kwanza. Amenifanya karani wake. Meza yangu inawekwa mbele ya yake, tunatazamana. Watoto niende kuwanyonyesha saa yoyote nitakayo, na yeyote atakayenicheka atamkoma."

Nikavuta pumzi. "Sasa si afadhali, mwenzangu? Sare unayo, nyumba unayo."

Akageuka akanitazama kwa dharau ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, hata kwa Kipaza.

"Anataka niyaseme tena," akasema. "Yale ya bwaloni. Kila asubuhi kabla hajatoka kwenda gwaride, nisimame mbele yake niyaseme, ili apate moyo wa kazi. Yote, dada. Na ya maziwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikayasema," akasema, akaokota kofia yake, akarudi ofisini.